Tofali Moja, Jina Moja: Ukumbusho wa Wayahudi Uliojengwa na Wanafunzi wa Berlin na Suala la Majina ya Marehemu katika Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala hii inaujadili ukuta wa ukumbusho ambao wanafunzi wa darasa la sita wa Shule ya Msingi Löcknitz, jijini Berlin, wamekuwa wakiujenga tofali kwa tofali tangu katikati ya miaka ya 1990 ili kuwaenzi Wayahudi waliokuwa wakazi wa mtaa wao kabla ya kuhamishwa na kuuawa. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya ukumbusho huo haitokani na ukubwa wake, bali na njia ya kazi inayomtaka mtoto mmoja alitafute jina moja katika nyaraka. Njia hiyo inapimwa kwa kisa cha Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944, na kwa vifo vya Ziwa Victoria vya mwaka 1994 na 1996, ambapo orodha za majina ama hazikuwapo ama zilikuwa pungufu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, nje kidogo ya jiji, ambako kumbukumbu yao hufanyika kila mwaka. Mwandishi wa makala hii alikuwa mtoto wa madarasa ya mwanzo huko Kirumba siku hiyo, na kilichobaki kichwani mwake si idadi. Ni sura ya jirani mmoja, mama aliyekuwa akiuza dagaa katika soko la Mwaloni, aliyekwenda Bukoba na hakurudi. Watoto wa mtaa hawakulijua jina lake. Kwa desturi yetu aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na jina hilo la heshima lilimtosha katika uhai wake. Baada ya kufa halikumtosha tena, kwa kuwa hakuna orodha yoyote inayomtaja mtu kwa jina la mtoto wake.

Makala hii haihusu MV Bukoba peke yake. Inahusu kile ambacho ukumbusho unahitaji ili uwe zaidi ya zege na shada la maua, na inalitafuta jibu katika mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali sana na Kirumba: ukuta wa matofali uliojengwa na watoto wa shule ya msingi jijini Berlin kwa ajili ya Wayahudi. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mtafiti wa Kanda ya Ziwa ashughulike na marehemu wa Ulaya ilhali wa kwao hawajaandikwa. Pingamizi hilo ni la haki, na litajibiwa hatua kwa hatua. Kwa sasa yatosha kusema kwamba Maangamizi ya Wayahudi, yaliyoua watu wapatao milioni sita kati ya mwaka 1941 na 1945, ndiyo tukio ambalo kazi ya kurejesha majina ya waliouawa imefanyiwa kwa upana na kwa subira kuliko tukio jingine lolote. Anayetaka kujifunza kazi hiyo huenda mahali inapofanywa.

Tahadhari moja itangulie. Ajali ya meli si mauaji ya kimbari. Wayahudi waliuawa kwa sera ya serikali iliyokusudia kuwamaliza wote, wazee kwa watoto. Abiria wa MV Bukoba walikufa kwa uzembe na kwa meli iliyojazwa kupita kiasi. Kuyaweka matukio haya kwenye mizani moja ni kuyakosea yote mawili. Kinacholinganishwa hapa ni kazi inayofanywa baada ya vifo, wala si vifo vyenyewe.

2.0 Ukuta wa watoto wa Schöneberg

Kabla ya mwaka 1933 sehemu ya Schöneberg iitwayo Bayerisches Viertel ilikuwa makazi ya Wayahudi wapatao 16,000: madaktari, mawakili, wafanyabiashara, waandishi, pamoja na watumishi na wapangaji wa kawaida. Albert Einstein aliishi hapo. Sinagogi lao lilikuwa katika mtaa wa Münchener Straße. Lilifunguliwa takriban mwaka 1910, likabomolewa mwaka 1956 kwa kuwa hapakubaki waumini wa kulitumia. Katika eneo hilo la sinagogi ndipo ilipo Shule ya Msingi Löcknitz. Kutoka Schöneberg peke yake Wayahudi zaidi ya 6,000 walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa kwenye mageto na kambi za mauaji.

Mwaka 1993 wasanii Renata Stih na Frieder Schnock walitundika mabango 80 kwenye nguzo za taa za mtaa huo. Upande mmoja wa kila bango una picha ya kawaida kabisa: mkate, benchi, paka. Upande wa pili una amri moja ya serikali ya Wanazi dhidi ya Wayahudi, pamoja na tarehe yake. Kuna amri iliyowakataza kufuga wanyama wa nyumbani, na nyingine iliyowapangia saa ya kununua chakula. Mtoto anayekwenda shule hupita chini ya sheria hizo kila asubuhi. Yamkini mazingira hayo yalichangia jambo lililofuata, kwani mnamo mwaka wa masomo wa 1994/1995 wanafunzi wa darasa la sita wa Löcknitz walianza kujenga ukuta katika uwanja wa shule yao.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mwanafunzi, mwenye umri wa miaka 11 au 12, hupewa nafasi ya kuzipitia orodha za Wayahudi waliohamishwa kutoka mtaa huo. Humchagua mtu mmoja. Mara nyingi sababu ya kumchagua ni ya kitoto kwa maana nzuri ya neno hilo: mtu huyo alizaliwa tarehe ileile na mwanafunzi, au waliitwa jina moja, au aliishi katika mtaa ambao mwanafunzi anaishi leo, pengine nyumba ileile. Kisha mwanafunzi huandika kwenye tofali jina la mtu huyo na kile kinachojulikana kumhusu, yaani siku aliyozaliwa, siku aliyohamishwa na mahali alipofia. Tofali huwekwa juu ya matofali ya waliotangulia. Berlin shule ya msingi huishia darasa la sita, kwa hiyo tofali ni kitu ambacho mtoto hukiacha nyuma anapoondoka. Ukuta umekwisha kupita matofali elfu moja na bado unarefushwa.

Wachambuzi wa minara ya kumbukumbu huzoea kuuliza mnara unamaanisha nini. Kwa ukuta huu swali lenye faida zaidi ni unafanywaje. Ili tofali moja lipatikane, mtoto lazima afanye mambo manne ya mwanahistoria: atafute waraka, aukubali waraka mmoja na kuacha mingine, aoanishe taarifa, na aamue ni nini cha kuandika katika nafasi ndogo. Tofali halina nafasi ya sifa wala ya maombolezo, hivyo mtoto hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa. Hapo ndipo ukuta wa Löcknitz unapoizidi minara mingi iliyosanifiwa na wataalamu kwa gharama kubwa.

Kuna jambo gumu zaidi ndani ya kazi hiyo, nalo ni asili ya orodha zenyewe. Majina yanapatikana kwa sababu wauaji waliyaandika. Kabla ya kupandishwa kwenye treni, kila Myahudi wa Berlin alilazimika kujaza fomu ya kurasa nyingi ya kutaja mali yake, hadi viti na mashuka, ili serikali ipate kuitaifisha. Polisi waliandaa orodha za kila treni. Aidha, sheria ya Agosti 1938 iliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa kuongeza jina "Israel" kwa wanaume na "Sara" kwa wanawake kuanzia Januari 1939. Mtu anayezisoma orodha hizo lazima ajue kulivua jina la kubandikwa ili alipate lile alilopewa na wazazi. Kazi ya mtoto wa Löcknitz basi si kunakili. Anachukua karatasi iliyotungwa ili kumfuta mtu, na kuitumia kwa kusudi la kinyume chake.

Jengo la manispaa ya Schöneberg lina maonyesho ya kudumu tangu mwaka 2005 yaitwayo kwa tafsiri "Tulikuwa Majirani", yenye majalada ya maisha ya wakazi wa zamani wa mtaa huo. Jina hilo lina uzito kwa msomaji wa Kiswahili. Jirani, kwetu, ni mtu mwenye haki. Anaazima chumvi, anahudhuria msiba, anaulizwa asipoonekana siku mbili. Wayahudi wa Schöneberg hawakuonekana, na wengi wa majirani zao hawakuuliza.

3.0 Njia nyingine: kuhesabu

Mfano unaofahamika zaidi wa wanafunzi waliojenga ukumbusho wa Wayahudi unatoka Whitwell, mji mdogo wa jimbo la Tennessee, Marekani. Mwaka 1998 shule ya kati ya mji huo, usiokuwa na Wayahudi, ilianza kukusanya vibanio vya karatasi ili watoto waone kwa macho milioni sita ni kiasi gani. Vilipatikana zaidi ya milioni 30. Milioni 11 kati ya hivyo viliwekwa ndani ya behewa la treni lililoletwa kutoka Ujerumani, na ukumbusho ukazinduliwa Novemba 2001.

Mwandishi hana nia ya kuubeza mradi huo. Ulithibitisha kwamba watoto wa mahali pasipokuwa na Wayahudi wanaweza kuubeba mzigo huu, jambo ambalo Kirumba inapaswa kulizingatia. Lakini kibanio hakina jina. Ukikiokota kimoja kutoka kwenye behewa huwezi kusema ni cha nani, na ukikirudisha hakuna kilichopungua. Ukiondoa tofali moja pale Löcknitz, mtu fulani amekosekana. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa sehemu zinazofuata.

4.0 Mswahili katika ukumbusho wa Berlin

Mbele ya nyumba namba 193, mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kuna jiwe dogo lenye uso wa shaba, upana wake takriban sentimita 10 kila upande. Ni moja ya mawe ambayo msanii Gunter Demnig alianza kuyaweka miaka ya 1990 na ambayo kwa Kijerumani huitwa mawe ya kujikwaa. Kila jiwe huwekwa barabarani mbele ya makazi ya mwisho ya hiari ya mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi. Mnamo Mei 2023 lilitiwa jiwe la 100,000, mjini Nürnberg. Yaliyo mengi yanawahusu Wayahudi, na mara nyingi utafiti wa jiwe hufanywa na madarasa ya shule yaliyo jirani. Jiwe la Brunnenstraße liliwekwa mwaka 2007, na jina lake ni Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914, mtoto wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa madai umepita. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza katika filamu zisizopungua 20. Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwoa Maria Schwandner.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa "Desturi za Waswahili", aliyefundisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki huko mwaka 1927. Mahjub alimfuata katika kazi hiyohiyo. Ni ajabu kwamba wa kwanza yumo katika mihadhara yetu na wa pili hayumo.

Agosti 1941 Mahjub alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Kosa aliloshutumiwa lilikuwa "kuinajisi mbari", na asili ya kosa hilo ni sheria ya Nürnberg ya Septemba 1935 iliyopiga marufuku ndoa na mahusiano kati ya Wayahudi na waliohesabiwa kuwa wa damu ya Kijerumani. Sheria iliwataja Wayahudi. Ni maelekezo ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Januari 1936 yaliyoeleza kwamba makatazo yawahusu pia Waroma na watu weusi. Kwa maneno mengine, Mwafrika wa Dar es Salaam alinaswa na wavu uliosukwa kwa ajili ya Myahudi. Miezi miwili baada ya kukamatwa kwake, tarehe 18 Oktoba 1941, treni ya kwanza ya Wayahudi wa Berlin iliondoka kwenda Łódź.

Hili ni jibu la kwanza kwa pingamizi lililotajwa katika utangulizi. Hatuwezi kukieleza kifo cha Mahjub bila kueleza jinsi serikali ya Kijerumani ilivyomtenga Myahudi kwanza katika sheria, kisha mtaani, kisha katika uhai. Historia ya Wayahudi ni sehemu ya maelezo ya mtu wetu. Hata hivyo, haifai kugeuza hoja hii na kumfanya Mahjub awe Myahudi wa heshima. Hakukuwa na mpango wa kuwaua watu weusi wote wa Ulaya. Jiwe lake liko miongoni mwa mawe ya Wayahudi bila kuwa mojawapo ya hayo, na mwalimu makini atalieleza hivyo.

Kuna utata mwingine ambao mtafiti hawezi kuupita. Mahjub alikuwa askari mtoto wa jeshi lililokuwa, miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake na baada yake, likiteketeza vijiji. Baba zetu wa kusini waliuawa na jeshi hilo katika Vita vya Majimaji. Alipokuwa mtu mzima alidai nishani kutoka kwa serikali ya Wanazi, akanyimwa. Katika filamu "Carl Peters" ya mwaka 1941 aliigiza katika hadithi inayomtukuza mtu ambaye Waswahili walimwita Mkono wa Damu. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimikwa na Waingereza mwaka 1927, inaukwepa ugumu kama huu kwa njia rahisi: inamheshimu askari asiye na jina. Askari asiye na jina hana dhambi. Mwenye jina anazo, na jiwe la Brunnenstraße halimpi msamaha wala halimhukumu. Linasema aliishi hapa, alikamatwa, alikufa. Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio uadilifu ambao mwanafunzi wa historia anapaswa kuuzoea mapema.

5.0 Marehemu wa ziwa

Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Maiti zilitupwa kwenye mito, na Mto Kagera ukazileta hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda zilizikwa katika makaburi ya pamoja matatu yaliyo kando ya ziwa: Ggolo 4,771, Lambu 3,337 na Kasensero 2,875. Jumla ni 10,983. Idadi hizo zimeandikwa kwa usahihi wa kustaajabisha, hadi tarakimu ya mwisho. Mtu aliyezika alihesabu. Majina hayapo. Maji hayaleti vitambulisho, na wengi wa jamaa ambao wangeweza kuwatambua walikuwa nao wameuawa. Mwandishi anakumbuka kwamba nyumbani kwao Kirumba samaki walikoma kupikwa kwa muda, na kwamba mtoto aliyeuliza sababu aliambiwa ale maharage anyamaze. Arusha ilikuja kuwa makao ya mahakama ya kimataifa iliyoundwa Novemba mwaka huo kwa ajili ya Rwanda, ikafanya kazi hadi Desemba 2015. Watuhumiwa walipata mahali petu pa kuandikwa majina yao kikamilifu. Marehemu waliozikwa kando ya ziwa hawakupata.

MV Bukoba inaonyesha upungufu wa namna nyingine. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha iliyokuwapo ilihusu madaraja ya kwanza na ya pili, na ilionyesha watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hapa mwanahistoria hana haja ya nadharia ngumu: aliyelipa nauli kubwa alikuwa na jina, aliyelipa ndogo alikuwa mzigo. Wachuuzi wa ndizi na dagaa, wanaobeba uchumi wa Mwaloni hadi leo, ndio waliosafiri bila kuandikwa.

Tofauti na Berlin basi ni hii. Mtoto wa Löcknitz anaanza na orodha na anatafuta mtu. Mtoto wa Kirumba angeanza na mtu na angetafuta orodha ambayo haikuandikwa kamwe. Je, njia ya tofali inashindikana hapo? Jibu linapatikana ndani ya kazi ya kuwakumbuka Wayahudi yenyewe. Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki walipigwa risasi kandokando ya vijiji vyao bila orodha yoyote. Ndiyo sababu taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu, tangu miaka ya 1950, hukusanya karatasi za ushahidi: karatasi moja kwa mtu mmoja, hujazwa na jamaa, rafiki au jirani aliyemjua. Huulizwa jina, majina ya wazazi, mahali alipoishi, kazi, mazingira ya kifo, na mwishoni jina na saini ya anayetoa ushahidi. Pale nyaraka zilipokosekana, mdomo wa jirani uligeuzwa kuwa nyaraka. Kwa njia hiyo na kwa orodha nyingine, majina yaliyokusanywa yamefikia takriban milioni tano.

6.0 Darasa la Kirumba

Tangu Januari 2024 somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Katika muhtasari wa zamani wa sekondari, Vita Kuu ya Pili iliwekwa chini ya mada ya migogoro ya mfumo wa kibepari, na mwanafunzi alitakiwa kujua sababu za vita na athari zake kwa makoloni. Wayahudi walipita kama mstari mmoja wa sababu au matokeo. Mwandishi aliwahi kuufaulu mtihani wa mada hiyo bila kujua kwamba mtu aliyezaliwa Dar es Salaam alifia katika kambi ya mateso karibu na Berlin, na bila kujua lolote kuhusu Myahudi aliye hai.

Hili la pili ni kasoro kubwa pia. Ukumbusho unaowaonyesha Wayahudi kama maiti pekee haujawaenzi. Ng'ambo ya ziwa hili, jirani na Mbale, jamii ya Abayudaya imeshika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoanza kuifuata mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku, jamii ikabaki na watu mia chache, na leo ina shule zake mbili ambamo watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu husoma pamoja. Hata ramani ya ziwa ina ushahidi: Ghuba ya Emin Pasha, upande wa Geita, imepewa jina la Eduard Schnitzer, aliyezaliwa mwaka 1840 na wazazi wa Kiyahudi, akabatizwa utotoni, na kufungua kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890. Kwa sheria ya 1935 ubatizo wake usingemsaidia kitu, angehesabiwa Myahudi. Ni swali zuri la darasani: serikali iliyojivunia koloni ilipotunga sheria hiyo, ilimweka wapi mwanzilishi wa kituo cha Bukoba?

Kwa hiyo mapendekezo ya mtafiti kwa walimu wa Kanda ya Ziwa ni ya kiasi. Darasa lianze na jiwe la Brunnenstraße. Mwanafunzi aliyezaliwa tarehe 22 Februari, akipatikana, apewe kazi ya kueleza kwa nini mtu mmoja ana majina mawili, Mahjub bin Adam na Bayume Mohamed Husen, na ni lipi linalopaswa kutangulia. Wengine wachague kila mmoja Myahudi mmoja wa Schöneberg kwa tarehe ya kuzaliwa, kama wafanyavyo wenzao wa Löcknitz. Kitabu cha kumbukumbu cha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani kinasomeka kwa intaneti tangu mwaka 2007. Ni baada ya hapo tu, wakiwa wameshajua jina moja linagharimu kazi kiasi gani, ndipo waende Igoma wakiwa na karatasi za ushahidi, wakaulize majirani wa daraja la tatu.

Mpangilio huo una sababu. Tukianza na Igoma, watoto watajifunza huzuni, ambayo tayari wanayo. Tukiishia Berlin, watadhani kumbukumbu ni mali ya watu wenye makabati ya nyaraka.

Mwandishi aliijaribu karatasi hiyo mwenyewe, kwa ajili ya yule mama wa Mwaloni. Wazee watatu wa mtaa waliulizwa. Wa kwanza alimkumbuka kwa jina la mwanawe, kama sisi watoto. Wa pili alikuwa na jina la ubatizo na hakuwa na la ukoo. Wa tatu alitaja ukoo, pamoja na jina la kuzaliwa ambalo halifanani na lile la wa pili. Majina hayo hayatajwi hapa, kwa kuwa familia bado haijapatikana ili itoe ridhaa. Katika nafasi ya jina karatasi ina majina mawili na alama ya kuuliza katikati. Nafasi ya mwaka wa kuzaliwa iko wazi. Kazi: mchuuzi wa dagaa. Daraja: la tatu. Jina la anayetoa ushahidi: jirani.